Mpimaji wa Mtaa Wetu

Gerezani, Dar es Salaam
12 Februari 1937

Mdogo wangu Muhiddin,

Barua yako ya kabla ya mwaka mpya tuliipata, nikaisoma barazani mara mbili, mara ya kwanza kwa baba na ya pili kwa majirani waliochelewa. Huku hatujambo, isipokuwa mama, mguu umemvimba tena na anashinda mkekani. Cherehani ya baba haipumziki kwa sababu Idi ya kuchinja imekaribia na kila mtu anataka kanzu yake iwe ya kwanza. Mimi nipo tu. Tangu yule bwana aniache nikarudi nyumbani, kazi yangu ni kupiga pasi anachoshona baba na kuwasomea watu barua zao.

Sasa jambo lenyewe. Baba anauliza safari yako ya Uganda ni lini. Ijumaa iliyopita alisimama msikitini baada ya swala akawaambia watu kwamba mwanawe amechaguliwa kwenda kusomea udaktari. Nilimwuliza, "Baba, Muhiddin amesema amechaguliwa, au amesema huenda akachaguliwa?" Akanijibu, "Kwa akili ya mtoto yule, tofauti iko wapi?" Basi tangu siku ile Bi Kuruthumu wa nyumba ya pili anakuja na magoti yake kila asubuhi, anataka nikuandikie yanauma upande gani.

Unajua mwenyewe kwa nini baba anataka hivi. Tangu mdogo wetu Hind alipofia barazani pa hospitali, tumemlaza kwenye khanga tukisubiri zamu, baba hana neno jingine. Wenzake wanataka watoto wawe makarani. Yeye anataka mtu wa kuufungua ule mlango kwa ndani.

Hakuna jipya lingine mtaani. Juzi walipita watu na fito zilizopakwa rangi nyeupe na nyekundu, wakasimama, wakatazama, wakaenda zao. Tukaambiwa ni habari ya mtaro.

Utujibu upesi.

Dada yako,
Azza binti Nasor


Tabora
9 Machi 1937

Dada Azza,

Nakusalimu wewe, na baba na mama nawaamkia shikamoo. Mimi mzima. Mvua inanyesha hapa mpaka magodoro yameota ukungu, lakini chakula si kibaya na kiatu changu kimeshonwa.

Mwambie mama asisimame kwa muda mrefu, na mguu auinue juu ya mto.

Umeuliza habari ya safari. Ni kweli mwezi huu mkubwa wa shule anatuita mmoja mmoja ofisini. Anauliza, "Unataka kuwa nani?" Swali dogo, lakini watu wanatoka mle wanatokwa jasho. Rafiki yangu Onesphory, mtu wa Bukoba, amesema ualimu, kwa kuwa padri wao ndiye aliyemleta shule na padri anataka mwalimu. Mwingine amesema ukarani kwa sababu mjomba wake karani anavaa soksi ndefu na watu humpisha njiani. Mwingine alisema atafanya kazi yoyote, mradi asipelekwe mahali penye mbung'o. Nilicheka, halafu nikajiuliza mimi nina sababu gani bora kuliko hizo.

Nilipoitwa, nilisema ninachokitaka.

Wale watu wa fito, dada, walikuwa na mnyororo wa kupimia? Walipiga vigingi, au walitazama tu? Na walisimama upande gani, upande wa reli au upande wa Kariakoo? Nijulishe.

Nduguyo,
Muhiddin


Gerezani
16 Aprili 1937

Muhiddin,

Salamu zako zimefika. Mama anainua mguu kama ulivyosema, na anawaambia wanaomjulia hali, "Ndivyo alivyoagiza daktari wangu." Baba anakusalimu sana.

Umeandika ukurasa mzima kuhusu soksi za mjomba wa mtu. Kuhusu wewe umeandika mstari mmoja, na huo nao haujasema kitu. Unataka nini? Nimemsomea baba barua, nilipofika hapo akasema, "Umesikia? Amesema anachokitaka." Akainuka, akaenda Kariakoo kununua kitambaa cha drili nyeupe. Amekukatia koti la daktari. Amelishona kwa kipimo cha kanzu yako ya Idi ya mwaka juzi, akaongeza kidogo mabegani kwa kuwa lazima umepanuka. Limetundikwa chumbani kwao na kufunikwa shuka lisishike vumbi. Nimelipiga pasi mwenyewe. Sijui nikueleze vipi, lakini nilipokuwa nalipiga pasi nililivaa. Ukanicheke huko huko.

Mimi nilikuwa mwepesi wa hesabu kabla yako, unakumbuka. Nilipotolewa shule hakuna aliyeniita ofisini kuniuliza nataka kuwa nani. Sikuandikii hili kwa kinyongo. Nakuandikia ujue kwamba wewe umeulizwa.

Watu wa fito walikuja tena, safari hii na mnyororo. Karani wao amepaka namba kwa rangi nyekundu kwenye milango ya baadhi ya nyumba. Ya Bi Kuruthumu imepakwa. Wanasema upande huu utavunjwa, watu wahamie Ilala, na hapa pajengwe maghala ya reli. Wengine wanasema ni uvumi tu. Wewe shughulika na masomo.

Dada yako,
Azza


14 Juni 1937

Dada Azza,

Nisamehe kwa kuchelewa. Sijambo. Safari ya Uganda ina mambo mengi ndani yake, siyo jambo la kufungasha na kupanda gari moshi siku moja. Kwa sasa nipo kwenye mafunzo mengine ya muda. Ni kazi ya hesabu, jua ni kali lakini afya nzuri. Tunalala katika mahema.

Mwambie baba asinishonee kitu kingine.

Je, nyumba yetu imepakwa namba?

Muhiddin


Gerezani
2 Julai 1937

Muhiddin,

Hukuandika uko wapi, lakini posta wameandika. Muhuri unasema Morogoro. Mimi sijafika popote zaidi ya Magogoni, lakini najua mtu anayetoka Tabora kwenda Uganda hapiti Morogoro.

Sijamwonyesha baba bahasha. Nimemsomea nusu ya barua, na nusu nyingine nimeitunga mwenyewe. Nikasema unawasalimu wote kwa majina, na kwamba unasoma vitabu vikubwa. Alifurahi.

Mama hali yake si nzuri. Uvimbe umepanda hadi gotini. Tulimpeleka hospitali, tukasubiri, tukapewa dawa ya chupa. Njiani kurudi aliniambia, "Usimwandikie Muhiddin, atakatiza masomo." Kwa hiyo nakuandikia.

Masomo gani? Niambie mimi. Sikuulizi tena kuhusu soksi za watu.

Azza


Morogoro
19 Julai 1937

Dada yangu,

Barua yako niliisoma nimesimama jua kali, kisha nikaenda kukaa nyuma ya hema. Habari ya mama imeniumiza. Nimemwomba mkubwa wetu ruhusa, amesema nisubiri kazi hii iishe.

Nitakwambia yote.

Nilichaguliwa kwenda Uganda. Baba hakusema uongo msikitini. Tuliochaguliwa tulipelekwa kwanza hospitali ya hapo Tabora tukaone kazi yenyewe ilivyo. Daktari alitupitisha kitanda kwa kitanda. Kwenye kitanda kimoja alikuwepo msichana mwenye homa, pembeni mama yake. Daktari alipopita, yule mama hakumtazama daktari. Alinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyefanana na watu wake, akaniambia, "Baba, mwanangu atapona?" Sikuzirai, dada. Ningezirai ningepata kisingizio. Nilimjibu, "Atapona," nami sijui lolote. Kesho yake tuliambiwa amefariki. Nikaona kwamba kila mgonjwa nitakayemkuta maisha yangu yote atakuwa Hind, na kila mama atakuwa mama yetu, nami nitakuwa nawadanganya.

Lakini nisikufanye uamini ni woga peke yake. Kabla ya hapo alikuja shuleni mzungu wa Idara ya Upimaji. Alisimamisha uwanjani darubini yenye miguu mitatu, akaturuhusu tutazame. Nilifumba jicho moja. Kilima kilichokuwa mbali sana kikaja mpaka usoni pangu, lakini kimepinduka, miti inaning'inia kichwa chini. Wenzangu walicheka. Mimi nilitaka kujua ni kwa nini. Akanionyesha jinsi pembe mbili na mstari mmoja uliopimwa vizuri vinavyotosha kukwambia kilima kiko umbali gani bila kukiendea. Nilishindwa kulala kwa furaha. Sijawahi kuipata furaha ile katika jambo jingine lolote. Mkubwa wa shule aliponiuliza, nikasema upimaji. Akasema, "Una wazimu? Nafasi ya Uganda ni ya watu wachache." Nikasema nimpishe mwingine.

Kwa hiyo mimi ni mmoja wa wale watu wa fito.

Usimwambie baba. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Nipe muda tu.

Hukunijibu kuhusu nyumba.

Muhiddin


Gerezani
20 Septemba 1937

Muhiddin,

Mama anaendelea vilevile. Baba hajambo.

Nimekaa na kalamu hii siku nyingi. Wewe ulikuwepo siku ile mlipokuja kupima, utasema nakueleza nini. Lakini ulikuwa umefumba jicho moja, na lililofunguka lilikuwa linatazama kingine. Kwa hiyo nitakueleza mimi nilichokiona.

Mlipoingia mtaani, yule mzungu, na wenye mnyororo, na wewe na kofia yako ngumu, Bi Kuruthumu ndiye aliyekutambua. Alisimama na ndoo yake akasema kwa sauti, "Huyu si Muhiddin? Si daktari wetu huyu?" Watoto wakaanza kukimbia kukuita jina. Halafu wakaona darubini, wakasimama. Hata mimi niliyejua, nilishika nguzo ya mlango.

Baba alikuwa anashona. Mzungu akaonyesha kwa fimbo kwamba cherehani imeziba mstari, iondolewe. Ndipo baba alipoinua kichwa akakuona. Ulisema, "Shikamoo, baba." Nilikusikia, sauti ilikuwa ndogo lakini niliisikia. Baba alikutazama kuanzia kofia hadi viatu. Kisha akanigeukia mimi akasema, "Azza, shika upande huu tuiingize ndani. Bwana mpimaji anataka kuona."

Bwana mpimaji. Tuliibeba pamoja. Ndani alikaa kitandani, chini ya lile koti. Aliniuliza, "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza, "Tangu lini?" Nikasema tangu Julai. Hakunigombeza. Akasema tu, "Kumbe barua ulikuwa unanitungia wewe."

Ninyi mkapiga kigingi pale pale palipokuwa na cherehani, mkaenda.

Sasa sikiliza usilolijua. Watu walikukasirikia wewe kuliko mzungu. Mzungu hawamdai kitu, lakini wewe walikulea. Waliokuwa wanaleta nguo wamezichukua, nyingine hazijamalizwa. Bi Kuruthumu amesema magoti yake atayapeleka kwingine. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, vijana wa mtaa walianza kung'oa vigingi, mmoja baada ya mwingine, wanapiga makofi kila kinapotoka. Walipofika kwetu walimkuta baba amekaa kwenye kigoda, kigingi kiko katikati ya miguu yake.

Wakamwambia, "Mzee Nasor, inuka. Hiki ndicho kitakachokuvunjia nyumba."

Akasema, "Najua."

"Basi inuka tukitoe."

Akasema, "Hiki kakipiga mwanangu. Kikitoka ataambiwa kazi yake mbovu. Vingine fanyeni mnavyotaka."

Mmoja alimtukana, sitaandika alichosema. Baba hakuinuka. Walikaa wakamzunguka mpaka alasiri, halafu wakachoka wakaondoka. Askari alipokuja kukagua, chetu peke yake ndicho kilichosimama, na sasa mtaa mzima unasema sisi tuko upande wa Boma, upande wa Serikali.

Jina lako hajalitaja tangu hapo. Nikikutaja anainuka anaondoka.

Ndiyo, nyumba yetu ilipakwa namba, tangu Aprili. Sikukuambia kwa kuwa nilidhani unasomea udaktari, na daktari angefanya nini na rangi ya mlangoni? Ungeniambia ukweli mapema nami ningekuambia. Tumekuwa tukifichana kitu kile kile.

Azza


Morogoro
8 Oktoba 1937

Dada Azza,

Nimesoma habari ya kigingi nikashindwa kuendelea, Onesphory akanimalizia. Yeye ni mwalimu sasa katika shule ya misheni hapa. Ualimu aliochaguliwa na padri anaupenda, anasema. Nilimwonea wivu.

Mama nasikia bado yu vilevile. Nakutumia dawa ya kuchua aliyonipa muuguzi wa hapa. Sijui kama itafaa.

Unafikiri nilikuja kwa kiburi. Nilipewa ramani ya namba, haikuwa na majina. Nilitambua mtaa kwa ile kona ya kisima. Nilimwendea mzungu nikamwambia, "Bwana, hapa ni kwetu." Akafurahi. Akasema, "Vizuri sana, basi hutapotea njia." Ningeweza kujitia ugonjwa. Nilifikiri, akienda mwingine atapima ovyo, na ukipima ovyo mtu anakatwa kipande cha uwanja wake hata katika fidia. Ndivyo nilivyojiambia. Usiku ule ule nilirudia hesabu zangu nikiomba nimekosea, mstari upite pengine. Sikukosea. Kazi niliyoipenda ilinijibu sawasawa, nami nilitamani inidanganye.

Mzungu ameniuliza kwa nini kigingi kimoja tu ndicho kilichosalia. Nikasema sijui.

Sijutii kutokwenda Uganda. Nataka uyasome haya hata kama yatakukasirisha. Ninachojutia ni kwamba baba alikuja kuyajua mbele ya mtaa, cherehani ikiwa mkononi. Hilo lilikuwa langu kumwambia, na nilikuwa na miezi.

Usimsomee kama hataki. Nikija, atanifungulia?

Muhiddin


Ilala
27 Desemba 1937

Mdogo wangu Muhiddin,

Idi tumeila katika nyumba isiyo na dari. Tulihama mwezi wa mfungo, vyombo juu ya mkokoteni, mama amekaa juu ya vyombo. Mguu umepungua kidogo. Hapa pana upepo, lakini maji ni mbali na hakuna mtu anayejuana na jirani yake. Bi Kuruthumu yuko safu ya nyuma. Tukikutana kisimani ananiitikia salamu, haongezi neno.

Nina jambo langu kwanza, nalo usiniandikie ushauri. Hospitali inatafuta wanawake wanaojua kusoma, wafundishwe ukunga. Nimeenda mwenyewe, nimekubaliwa, naanza baada ya mwaka mpya. Nilimwambia baba jioni moja. Aliuliza, "Nani kakutuma?" Nikasema hakuna. Kisha akasema, "Kule kuna kufiwa kila siku." Nikamwambia najua, na mlango wa Hind nami niliuona. Asubuhi yake alinipima mabega kwa kamba yake, akaandika namba kwa chaki. Sijamwuliza.

Kuhusu wewe. Barua yako ya Oktoba sikumsomea. Niliiacha juu ya cherehani. Aliisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, ilimchukua asubuhi nzima, akairudisha kwenye bahasha.

Jana palitokea ugomvi. Jirani yetu wa hapa, mtu wa Rufiji, ameanza kujenga choo chake, na baba anasema kimeingia upande wetu. Yule bwana anasema hakijaingia. Wakatembea wote wawili wakihesabu hatua, kila mmoja akapata jibu lake. Watu wakajaa. Baba akasema, "Hatutauana kwa choo. Tungoje. Nina mtu wa kupima."

Mmoja kati ya watu tuliohama nao Gerezani akaangua kicheko. "Mtu gani, Mzee Nasor? Yule uliyemkana mbele yetu?"

Baba akasema, "Sikumkana. Niliona haya, nikakosa la kumwambia."

Nami nikaingia ndani, sikutaka wanione.

Hajaniambia nikuandikie. Lakini asubuhi hii amemwambia yule bwana asimamishe ujenzi hadi mwisho wa mwezi ujao, na yule bwana amekubali kwa shida, mashimo yako wazi na watoto wanatumbukia. Kwa hiyo omba ruhusa yako uje. Darubini ya Serikali iache huko, njoo na kamba tu, na umkute nyumbani kabla hajaenda kuswali alasiri. Akinyamaza, usiondoke.

Dada yako,
Azza